Sinema za Rangi za Kwanza: Ahadi ya Rangi za Asili

Tarehe 2 Februari 1912 watu wa mji wa London, Uingereza, waliingia kwa wingi katika jumba moja la michezo lililoitwa Scala. Mwezi huo kule ni wakati wa baridi. Jua halionekani sana, na siku zile moshi wa makaa ya mawe uliufanya mji uwe wa kijivu. Ndani ya jumba, jukwaa lilikuwa limepambwa lifanane na Taj Mahal, lile kaburi maarufu la mawe meupe lililoko India. Wapiga muziki 48 walikuwa wamekaa tayari na vyombo vyao, na waimbaji pia walikuwapo. Taa zikazimwa. Mara kwenye kitambaa cheupe yakatokea majeshi, farasi, bendera, vilemba na mavazi ya kifalme. Na vyote hivyo vilikuwa na rangi.

Sinema hiyo ilichukua muda wa saa mbili na nusu. Haikuwa hadithi ya kuigiza. Ilikuwa habari ya kweli: safari ya Mfalme George wa Tano na mkewe, Malkia Mary, nchini India, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza.

Siku hizi mtu anaweza kuuliza: ajabu yake ni nini? Mtoto wa kijijini anatazama picha za rangi kwenye simu ya mkononi wakati anachunga mbuzi. Lakini mwaka 1912 karibu sinema zote zilikuwa na rangi nyeusi na nyeupe. Tena hapakuwa na televisheni. Aliyetaka kuona habari za dunia kwa macho yake alilipa kiingilio akaenda kwenye jumba la sinema. Hapo ndipo alipomwona mfalme, au meli, au mafuriko ya nchi ya mbali.

Watu walioleta rangi katika sinema za habari waliahidi jambo kubwa. Walisema kwamba picha zao zina rangi za asili, yaani rangi zile zile ambazo Mungu amevipa vitu. Ahadi hiyo iliwapa sifa na fedha. Baadaye ahadi hiyo hiyo iliwapeleka mahakamani.

RANGI YA BRASHI

Sinema ilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris, Ufaransa, tarehe 28 Desemba 1895. Walioionyesha ni ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Picha zao zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hazikupita siku nyingi watu wakaanza kutamani rangi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mkono. Ndugu msomaji, utepe wa sinema ni mfululizo wa picha ndogo ndogo, kila moja ina ukubwa wa stempu hivi. Zamani zile mtambo ulipitisha picha 16 hivi kwa sekunde moja. Kwa hiyo sinema ya dakika moja ilikuwa na picha 960. Ya dakika kumi ilikuwa na picha 9,600. Mjini Paris walikuwapo wanawake ambao kazi yao ilikuwa kushika brashi nyembamba na kuzipaka rangi picha hizo, moja baada ya nyingine. Baadaye kampuni ya Pathé ilitumia njia ya kukata matundu katika utepe mwingine, kisha rangi ikapitishwa katika matundu hayo. Njia hiyo ilikwenda haraka zaidi, lakini bado rangi ilikuwa ya kupakwa.

Kwa hadithi za mashetani na malaika, rangi ya kupaka ilifaa sana. Nani ajuaye shetani ana rangi gani? Lakini kwa habari haikufaa. Mama aliyekaa Paris na brashi yake hakuwako kwenye sherehe iliyopigwa picha. Hakujua kama joho la chifu lilikuwa jekundu au la kijani. Alipaka jinsi alivyoona vema. Mtazamaji naye aliondoka akiamini kwamba ameona rangi ya joho, kumbe ameona mawazo ya mpaka rangi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya watu walitafuta njia ya kuifanya kamera yenyewe ikamate rangi.

TURNER AANZA, SMITH APUNGUZA

Mmoja wao alikuwa Mwingereza aitwaye Edward Turner. Mwaka 1899 yeye na mwenzake walipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao. Hati ya namna hiyo humpa mvumbuzi haki ya kutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda fulani, na mtu mwingine haruhusiwi kuutumia bila idhini. Turner alipiga picha tatu kwa zamu: moja kwa kupitia kioo chekundu, moja kwa kioo cha kijani, na moja kwa kioo cha buluu. Alijua kwamba mianga hiyo mitatu ikichanganywa vizuri huweza kutoa rangi zote tunazoziona.

Mawazo yake yalikuwa sahihi. Kilichomshinda ni mtambo wa kuonyeshea. Picha tatu zilitakiwa zikae juu ya kitambaa mahali pamoja kabisa bila kupishana, nao mtambo haukuweza kuzituliza. Turner alifariki ghafla mwaka 1903 kabla ya kuona kazi yake imefaulu.

Aliyekuwa akilipia kazi hiyo wakati huo ni Charles Urban. Huyu alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Cincinnati, ambaye katika ujana wake aliuza vitabu. Alihamia London mwaka 1897 akawa mfanya biashara wa sinema. Yeye hakupenda sana hadithi za kuigiza. Alipenda sinema za safari, za viwanda, za wadudu na za sherehe. Alisema kampuni yake inaiweka dunia mbele ya mtazamaji. Turner alipokufa, Urban aliikabidhi kazi kwa George Albert Smith, mtu wa pwani ya kusini ya Uingereza. Smith aliwahi kuwa mchezaji wa mazingaombwe ya kulaza watu usingizi jukwaani, kisha akawa mpiga sinema hodari.

Smith alihangaika na zile picha tatu, akaona haziwezekani. Ndipo akafanya jambo ambalo mafundi wengi hufanya wanaposhindwa na mzigo mzito: aliupunguza. Aliitupa buluu. Akabaki na nyekundu na kijani tu. Mwaka 1906 akaomba hati ya kulinda uvumbuzi huo. Urban akaupa jina la Kinemacolor.

JINSI ILIVYOFANYA KAZI

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba utepe wa Kinemacolor haukuwa na rangi yo yote. Ulikuwa mweusi na mweupe kama tepe nyingine. Rangi ilikuwa katika gurudumu.

Ndani ya kamera liliwekwa gurudumu lenye vipande viwili vya kupitisha mwanga, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Gurudumu lilizunguka kwa kasi. Picha ya kwanza ilipigwa kwa kupitia chekundu, ya pili kwa kijani, ya tatu kwa chekundu, na kuendelea hivyo hivyo. Kitu chekundu, tuseme nyanya mbivu, kilitoa mwanga mwingi kwenye picha ya chekundu, na mwanga kidogo kwenye picha ya kijani. Jani bichi lilifanya kinyume chake.

Wakati wa kuonyesha, mtambo nao ulikuwa na gurudumu kama lile. Picha iliyopigwa kwa chekundu ilimulikwa kwa mwanga mwekundu. Picha iliyopigwa kwa kijani ilimulikwa kwa mwanga wa kijani. Zilipita picha 32 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya kawaida. Jicho la mwanadamu haliwezi kuzitenganisha picha zinazopita upesi namna hiyo. Linaziunganisha. Nyanya ikaonekana nyekundu na jani likaonekana kijani.

Msomaji anaweza kujaribu jambo hili nyumbani. Kata karatasi ngumu ya duara, ipake nusu rangi nyekundu na nusu rangi ya kijani, uitoboe katikati, kisha uivike juu ya pia ya watoto. Izungushe kwa nguvu. Hutaona tena nyekundu wala kijani. Utaona rangi nyingine, ya manjano iliyofifia au ya udongo. Rangi hiyo haimo katika karatasi. Imetengenezwa na jicho lako.

Kwa njia hiyo Smith alipata rangi nyingi kutoka katika zile mbili: manjano, machungwa, kahawia, na rangi ya ngozi za watu. Rangi ya ngozi ndiyo iliyowavutia watazamaji kuliko zote, maana katika sinema nyeusi na nyeupe kila uso ulifanana na majivu.

Matatizo nayo yalikuwapo. La kwanza ni mwanga. Vile vipande vya rangi vilimeza mwanga mwingi, kwa hiyo kamera ilihitaji jua kali. Ndani ya nyumba ilikuwa shida tupu. La pili ni gharama. Futi moja ya utepe ina picha 16, hivyo kila sekunde zilikwenda futi 2. Saa moja ya sinema ilikula futi 7,200, yaani zaidi ya kilomita mbili za utepe. La tatu ni vitu vinavyokwenda mbio. Picha nyekundu na picha ya kijani hazikupigwa wakati mmoja. Farasi aliyekimbia alikuwa amekwisha kusogea mguu kabla ya picha ya pili, basi mguu ukaonekana na ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Watazamaji wengine walirudi nyumbani na maumivu ya macho.

Tena alihitajika mwonyeshaji mwangalifu. Akiuweka utepe vibaya kwa picha moja tu, nyekundu ilikwenda kwa kijani na kijani kwa nyekundu. Hapo majani yalikuwa mekundu na nyuso za watu za kijani kibichi. Nadhani mwonyeshaji aliyefanya hivyo mbele ya wakubwa hakusahau siku hiyo.

Pamoja na hayo, kazi iliendelea. Wageni waalikwa waliionyeshwa Kinemacolor London mwezi Mei 1908. Watu wa kulipa kiingilio waliiona kwa mara ya kwanza tarehe 26 Februari 1909 katika jumba la Palace. Mwezi Aprili 1911 Urban alikodi jumba la Scala liwe makao ya sinema zake za rangi. Mwaka huo ulikuwa na sherehe nyingi za kifalme, na sherehe za nje, zenye bendera na makoti mekundu ya askari, ndizo zilizoifaa kamera yake. Mwezi Juni George wa Tano alitawazwa. Kanisani kamera ya rangi haikuwa na la kufanya, lakini barabarani ilipiga maandamano. Sultani wa Zanzibar, Ali bin Hamud, alikwenda Ulaya kwa ajili ya sherehe za kutawazwa huko. Hakurudi tena kutawala. Alijiuzulu mwezi Desemba mwaka huo huo.

DELHI, DESEMBA 1911

Mwezi huo huo wa Desemba mfalme alikuwa India. Tarehe 12 ulifanyika mkutano mkubwa nje ya mji wa Delhi, ambapo watawala wa kienyeji wa India walipita mmoja mmoja mbele yake kutoa heshima. Mfalme alivaa taji jipya lenye almasi zaidi ya 6,000. Lilitengenezwa kwa safari hiyo, kwa sababu taji la Uingereza halikuruhusiwa kutolewa nje ya nchi. Lilikuwa zito, naye alilalamika kwamba linamwumiza kichwa.

Urban alikwenda mwenyewe pamoja na wapiga picha wake. Jua la Delhi lilimfaa. Lakini hakuwa peke yake, maana kampuni nyingine zilipeleka kamera za kawaida. Urban aliogopa kwamba washindani wangeweza kuziharibu picha zake. Baadaye alisimulia kwamba tepe zilizokwisha kusafishwa zilizikwa usiku katika shimo chini ya hema lake.

Washindani wake walifika London mapema wakaonyesha sherehe hiyo kwa nyeusi na nyeupe. Kwa kawaida habari iliyochelewa haina mnunuzi. Safari hii ilikuwa kinyume. Watu waliokwisha kuiona Delhi ya kijivu walikwenda tena Scala kuiona Delhi ya rangi, na sinema ile ikaendelea kuonyeshwa mwezi baada ya mwezi. Mwezi Mei 1912 mfalme na malkia wenyewe walikwenda Scala kujitazama. Vikundi vya waonyeshaji vilizunguka na mitambo yao katika miji mingine ya Uingereza.

Hata hivyo ni vizuri kujiuliza watazamaji wale waliona nini. Waliona vilemba, vito na farasi. Waliwaona Wahindi wakiwa pambo la sherehe ya mtu mwingine. Habari kubwa ya siku ile haikuwa ya rangi. Mfalme alitangaza kwamba mji mkuu wa India utahamishwa kutoka Calcutta kwenda Delhi. Ilitangazwa pia kwamba jimbo la Bengal, ambalo serikali ililigawa vipande viwili mwaka 1905, litaunganishwa tena. Wananchi wa Bengal walikuwa wameupinga mgawanyo huo kwa miaka sita, kwa mikutano na kwa kukataa kununua bidhaa za Kiingereza. Huo ulikuwa ushindi wao. Lakini sinema ya wakati ule haikuwa na sauti, na ushindi huo haukuwa na koti jekundu. Kamera ya rangi haikuweza kuuonyesha.

Jambo moja lilionekana. Mtawala wa Baroda, Sayajirao, alipofika mbele ya mfalme aliinama mara moja tu, kidogo, kisha akageuka na kuondoka akimpa mgongo. Wenzake waliinama mara kadhaa na kurudi kinyumenyume. Magazeti ya Uingereza yalikasirika sana. Wapiga sinema walikuwa wamelinasa tendo hilo, na watu wa London walilitazama katika majumba ya sinema, kila mtu akatoa hukumu yake: je, ni dharau au ni kutojua taratibu? Sayajirao alisema hakukusudia ubaya. Kulithibitisha hilo, picha ya rangi na picha isiyo na rangi zilikuwa sawa tu.

MAHAKAMANI

Alikuwapo mtu mwingine, William Friese-Greene, ambaye naye alikuwa na njia yake ya kufanya sinema za rangi. Hati ya Smith ilimzuia kufanya kazi. Akapata watu wa kumsaidia kwa fedha, mmoja wao mwendesha magari ya mashindano aitwaye Edge, na kampuni yao ikafungua shauri mwaka 1913 kutaka hati ya Smith ifutwe.

Hoja yao kubwa ilikuwa rahisi hata mtu asiye fundi angeweza kuielewa. Hati ilisema kwamba njia hii hutoa rangi za asili. Buluu ni rangi ya asili. Mbingu ni buluu. Bahari ni buluu. Lakini njia hii ina nyekundu na kijani tu, na hata ukichanganya mianga hiyo miwili namna gani hupati buluu halisi. Basi anayeahidi rangi za asili kwa nyekundu na kijani ameahidi asichoweza kukitoa.

Jaji wa kwanza alimpa Smith haki mwezi Desemba 1913. Wapinzani wakakata rufani. Mwaka 1914 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hati. Mwaka 1915 Baraza la Malodi, ambalo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, likakubaliana na Mahakama ya Rufani.

Kwa maoni yangu majaji walifanya sawa, ingawa nawahurumia mafundi wale. Kama wangeandika kwamba wanatoa rangi nyingi isipokuwa buluu, wangesema kweli, na mambo yangeweza kuwa tofauti. Lakini tangazo la namna hiyo haliwavutii watu. Bwana shamba ye yote ameyaona mambo haya kwenye vifuko vya mbegu na chupa za dawa za wadudu. Neno moja kubwa mno kwenye karatasi huuza mali nyingi msimu wa kwanza.

Kampuni ya Kinemacolor ilifungwa mwaka 1914. Mwezi Agosti mwaka huo ikaanza Vita Kuu ya Kwanza. Urban hakuacha kabisa. Sinema moja ya serikali ya Uingereza iliyoonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1915, ya kuonyesha jinsi nchi ilivyojiandaa kwa vita, ilikuwa na sehemu za Kinemacolor zenye meli za kivita. Baada ya hapo zile sinema zilianza kusahauliwa.

WALIOFUATA

Wafaransa waliirudisha buluu. Kampuni ya Gaumont ilitengeneza kamera yenye lenzi tatu zilizopiga picha tatu kwa pamoja, ikaionyesha Paris mwezi Novemba 1912. Rangi zake zilikuwa nzuri kuliko za Smith. Tarehe 14 Julai 1919 kamera hiyo ilipiga maandamano ya ushindi ya majeshi mjini Paris. Lakini ilihitaji mtambo wake maalum wa kuonyeshea, na wenye majumba ya sinema hawakutaka gharama hiyo.

Rangi tatu katika utepe wenyewe, bila gurudumu, zilikuja na kampuni ya Technicolor ya Marekani mwaka 1932. Hata hivyo sinema za habari za kila wiki ziliendelea kuwa nyeusi na nyeupe kwa miaka mingi, kwa kuwa rangi ilikuwa ghali na ilichukua muda kusafishwa, na habari haingoji. Rangi ilitunzwa kwa siku kubwa. Elizabeth wa Pili alipotawazwa mwaka 1953, sinema ndefu ya rangi ya sherehe hiyo ilionyeshwa katika nchi nyingi.

Na huku kwetu? Kati ya miaka 1935 na 1937 kikundi kimoja cha Waingereza kilikaa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kikatengeneza sinema za kuelimisha watu wa vijijini. Zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba posta na mambo mengine. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, na gari likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Sisi watu wa kilimo tunaona upungufu wake mara moja. Mwambie mkulima wa kahawa achume tunda lililoiva jekundu na aliache la kijani. Katika picha nyeusi na nyeupe matunda hayo hufanana. Mahindi yanayokosa naitrojeni hugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Yanayokosa fosforasi huweza kuwa na rangi ya zambarau. Katika picha nyeusi na nyeupe yote ni kijivu, na mkulima hataambulia kitu. Kinemacolor ya mwaka 1909 ingeonyesha vizuri ile kahawa. Hata manjano ya mahindi ingeyatoa. Zambarau ingeishinda, maana zambarau haitoki pasipo buluu.

Hata leo wakulima wengine hunitumia picha za majani kwa simu. Zinasaidia, lakini simu nazo hazitoi rangi sawasawa. Jani lililopigwa picha jioni huonekana na manjano kuliko lilivyo, na lililopigwa kivulini huvuta kwenye buluu. Ukitaka kupiga picha ya jani lenye ugonjwa, weka karatasi nyeupe nyuma yake, upige mchana. Bora zaidi, ng'oa mche mzima na mizizi yake, uufunge katika karatasi, uje nao ofisini.

ZILIZOSALIA

Sinema ile ya Delhi ya saa mbili na nusu karibu yote imepotea. Vimepatikana vipande tu. Kimoja, chenye gwaride la majeshi baada ya mkutano wa Delhi, kilionekana mwaka 2000 katika hifadhi ya filamu ya Krasnogorsk, karibu na Moscow, Urusi. Kwa mtu asiyejua ni utepe wa kawaida, mweusi na mweupe. Anayejua huangalia koti la askari: katika picha moja ni jeupe, katika inayofuata ni jeusi, kisha jeupe tena.

Tepe za Turner, yule aliyefariki mwaka 1903, nazo zilipatikana katika hifadhi ya makumbusho nchini Uingereza. Wataalamu waliziunganisha kwa kompyuta zile picha tatu tatu ambazo mtambo wake ulishindwa kuzituliza, wakazionyesha mwaka 2012. Wanaonekana watoto wake watatu wamekaa mezani na maua ya alizeti, na kasuku mkubwa juu ya kijiti chake. Buluu imo.